Llaga Si Kidonda: Maneno ya Kihispania ya Viungo vya Ukuta

Kila mwenye nyumba anaijua ile methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya kuziba, lakini tutapitia njia ambayo huenda hamkuitarajia. Tutapitia lugha ya Kihispania.

Mtauliza, jamani, Kihispania na ukuta wangu wapi na wapi? Jibu ni hili. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, kuanzia Uhispania yenyewe hadi Meksiko, Peru, Bolivia na Argentina, na hata hapa Afrika katika Guinea ya Ikweta. Katika nchi hizo mamilioni ya watu wanaishi kwenye nyumba za mawe, za matofali na za udongo, na wengi wao mfuko si mzito. Basi wameandika vijitabu vingi vya kumfundisha mtu wa kawaida kutengeneza ukuta wake bila kuubomoa. Nasi Kenya tuna wamisionari wanaotoka huko: wako wa Uhispania, wako wa Guadalupe kutoka Meksiko na wa Yarumal kutoka Kolombia. Karatasi za namna hiyo hutufikia sisi wa kazi za maendeleo, na tunaombwa: "Hebu tutafsirieni, mafundi wasome."

Hapo ndipo tunapotaka kuwaeleza jambo moja. Maneno ya uashi hayatafsiriwi kwa kamusi peke yake. Yanatafsiriwa kwa kuangalia mkono wa fundi unafanya nini, na ile mota inafanya nini ndani ya ukuta. Neno moja likienda upande, mwenye nyumba anatumia pesa zake zote kuuharibu ukuta aliotaka kuuponya.

KIUNGO NI NINI

Tuanze na kitu chenyewe. Ukuta wa mawe si mawe matupu. Kati ya jiwe na jiwe kuna mota, yaani mchanga uliochanganywa na saruji, au chokaa, au vyote viwili, pamoja na maji. Mahali hapo mota inapokaa ndipo panapoitwa kiungo. Mvua ya upande, chumvi, mizizi na miaka hukila kiungo kidogo kidogo. Ukiona kidole kinaingia kati ya mawe, ujue kiungo kimekwisha ingawa mawe yenyewe bado ni mazima.

Kazi ya kukwangua mota iliyooza na kujaza nyingine mahali pake Wahispania huiita rejuntado. Kwetu mafundi wengi wanajua "kupiga kii". Lakini kii hupigwa ukuta ukiwa mpya, ili upendeze na maji yasipenye. Rejuntado ni ya ukuta mzee. Ndiyo sababu sisi tunaitafsiri kwa maneno matatu: kujaza viungo upya. Ni marefu kidogo, lakini fundi akiyasikia hatakimbilia kupiga plasta ukuta mzima.

MANENO MATATU YA KWANZA

Neno la jumla la kiungo ni junta. Soma "hunta". Wanaosikiliza habari wanalijua neno hili kwa upande mwingine, maana lile baraza la kijeshi lililotawala Chile baada ya Septemba 1973 liliitwa junta. Ni neno lilelile: vitu au watu waliounganishwa pamoja. Sasa mtu akifungua kamusi na kuchukua jibu la kwanza, "kiungo kilichochakaa" kitakuwa "baraza lililochakaa", na msomaji wa Pwani atakwenda kutafuta kiti cha mawe kilicho nje ya nyumba. Tusiwacheke Wahispania. Kiungo chetu nacho kiko ukutani, kiko kwenye goti, na kiko ndani ya pilau.

Neno la pili ni llaga. Soma "yaga". Kamusi itakuambia llaga ni kidonda, na ni kweli. Wahispania wanapotaja madonda matano ya Bwana Yesu wanatumia neno hilihili. Lakini kwa mwashi, llaga ni kile kiungo kilichosimama wima kati ya tofali na tofali la mstari mmoja. Si kidonda, wala si ukuta mgonjwa. Ukuta ulioanza kujengwa leo asubuhi una llaga mamia, na zote ni nzima. Mafundi wengi husema llaga hata kwa viungo vya kulala, kwa hiyo mfasiri lazima atazame mchoro.

Neno la tatu ni tendel. Hili lina maana mbili ndani ya kazi moja. Kwanza ni ule uzi ambao fundi anaufunga huku na huku ili mstari wa tofali uende sawa. Pili ni tandiko la mota linalolala kati ya mstari wa chini na mstari wa juu. Karatasi ikisema tendel iwe na unene wa sentimita moja, haizungumzii uzi. Lakini ikisema tendel ivutwe mpaka ikaze, haizungumzii mota. Maneno mengine ya sentensi ndiyo yanayokupa jibu.

KAMBA, KINGA CHA MOTO NA KIJIKO

Waashi duniani kote wanapenda kuyaita mambo kwa majina ya vitu vya nyumbani. Tofali lililolazwa urefu wake ukionekana mbele huitwa soga, maana yake kamba. Tofali lililoingizwa ndani ya ukuta, likionyesha kichwa tu, huitwa tizón, maana yake kinga cha moto, ule ukuni unaowaka kichwa. Ukiambiwa ukuta umejengwa kwa kamba na vinga vya moto usishtuke. Ni matofali ya kulala na matofali ya kuingia.

Huko Meksiko mwiko wa fundi unaitwa cuchara, yaani kijiko. Hapa sisi hatuna shida kabisa, kwani mwiko wetu nao unasonga ugali jikoni na unapiga mota kwenye ukuta. Ni mahali pachache ambapo lugha mbili zilizo mbali hivi zimewaza jambo moja.

Mota nyepesi kama uji wanaiita lechada, kutoka neno la maziwa. Na kuna kitenzi matar, kuua. "Kuua chokaa" ni kuitia maji mpaka nguvu yake ya kuchemka iishe. "Kiungo kilichouawa" ni kiungo ambacho fundi amekikata kwa mshazari, upande mmoja ukaingia ndani. Kuna kilichokatwa juu na kilichokatwa chini, nao mchoro ni lazima uangaliwe, maana mshazari wa namna moja humwaga maji nje na wa namna nyingine huyaachia yakae juu ya tofali.

Hata jina la mwashi lina hadithi. Kihispania kinamwita albañil, na neno hilo limetoka kwa Kiarabu, lugha ya watu waliotawala sehemu za Uhispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492. Adobe, tofali la udongo lililokaushwa juani bila kuchomwa, nalo ni la Kiarabu. Sisi ambao Kiswahili chetu kimepokea maneno mengi kutoka kwa Waarabu tunaelewa vizuri jambo kama hilo linavyotokea.

ULIZA KWANZA: KARATASI IMETOKA NCHI GANI?

Kihispania cha nchi moja si cha nchi nyingine, kama vile Kiswahili cha Lamu si cha Lubumbashi. Hormigón, kwa Mhispania, ni zege: kokoto, mchanga, saruji na maji. Kwa fundi wa Peru, hormigón ni mchanga na kokoto vilivyochimbwa pamoja vikiwa bado vikavu, bila saruji ndani yake. Tabique huko Uhispania ni ukuta mwembamba wa kugawa chumba. Meksiko ni tofali la kuchomwa. Mota yenyewe huitwa mortero katika vitabu, lakini mafundi wa Amerika ya Kusini husema mezcla, yaani mchanganyiko. Na ile ya kujaza kati ya vigae vya sakafu ni lechada Uhispania, boquilla Meksiko, pastina Argentina na fragüe Chile. Kitu kimoja, majina manne.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri mstari wa kwanza, geuza karatasi uangalie ilichapishwa wapi. Hilo halichukui dakika moja, na linaweza kuokoa mifuko mingi ya saruji.

NENO FUPI LENYE HATARI KUBWA

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari hii. Neno ni cal. Herufi tatu tu. Maana yake ni chokaa. Lakini wako wanaosoma "mortero de cal" na kuandika "mota ya saruji", kwa kufikiri ati mota zote ni za saruji. Kwa kosa hilo peke yake ukuta mzuri unaweza kwisha.

Tuone sababu. Chokaa ya ujenzi hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe kwenye joto la kama digrii 900. Hewa iliyofungwa ndani ya jiwe hutoka. Linalobaki linaitwa cal viva, neno kwa neno "chokaa iliyo hai", yaani chokaa ambayo haijazimwa. Ukiitia maji inachemka kwa nguvu, kisha inatulia na kuwa cal apagada, chokaa iliyozimwa. Hiyo ndiyo inayochanganywa na mchanga. Ikishawekwa ukutani inairudisha polepole ile hewa iliyopoteza kwenye moto, na hivyo inageuka kuwa jiwe tena. Ni kazi ya miezi, si ya siku moja.

Mota ya chokaa ni laini, tena inapumua. Ukuta wa zamani hauna tabaka la kuzuia unyevu chini, basi maji hupanda kutoka ardhini, na ni lazima yapate pa kutokea. Yanatokea kwenye kiungo. Kiungo ndicho kinachoumia na jiwe linasalimika. Ni kama soli ya kiatu: soli na iishe, kiatu kibaki, kisha unapiga soli nyingine.

Sasa fundi akikijaza kiungo hicho kwa saruji ngumu, maji yanafungiwa mlango. Yatapita wapi? Yatapita kwenye jiwe lenyewe, na kama kuna chumvi itakauka chini ya ngozi ya jiwe na kuibambua. Baada ya miaka kadhaa unaona jambo la ajabu: mawe yameliwa, na viungo vya saruji vimetokeza nje kama mbavu za ng'ombe wakati wa kiangazi. Ukijaribu kuiondoa ile saruji, inatoka na kipande cha jiwe.

Jambo hili si la Uhispania peke yake. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, wakati ambapo mfalme wa Uhispania, Philip wa Pili, alikuwa pia mfalme wa Ureno. Aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa. Saruji ya Portland haikuwako. Mwingereza Joseph Aspdin aliisajili mwaka 1824. Mtu mwenye nyumba ya namna hiyo akipewa karatasi ambayo cal imegeuzwa kuwa saruji, amepewa sumu ya nyumba yake.

Tusieleweke vibaya. Nyumba ya mawe magumu ya machimbo au ya bloku, iliyojengwa kwa saruji tangu mwanzo, hujazwa viungo kwa mota yenye saruji, na hakuna neno. Sheria ni moja: mota isiwe ngumu kuliko jiwe inaloliunganisha.

Kuna mitego mingine mitatu karibu na hapo. Wa kwanza ni caliza, ambalo ni jiwe la chokaa ambalo halijachomwa. Unga wa jiwe hilo ndio huuzwa kwa wakulima kupunguza uchachu wa udongo. Hiyo chokaa ya shamba haishiki mota hata ukiikoroga mwaka mzima. Wa pili ni yeso, yaani jasi. Ni unga mweupe kama chokaa, lakini jasi haivumilii mvua, kwa hiyo haifai kwenye kiungo cha nje.

Mtego wa tatu ni mortero bastardo. Mtafsiri mcha Mungu akiliona neno hilo la pili anaona haya na kuliruka. Asiliruke. Maana yake ni mota yenye wazazi wawili, saruji na chokaa pamoja. Ukiandika "mota" tu, umeipoteza ile chokaa. Na vipimo vyake huandikwa kwa mpangilio: saruji, chokaa, mchanga. Moja kwa moja kwa sita ni karai moja la saruji, moja la chokaa na sita za mchanga. Moja kwa mbili kwa tisa ni mota laini zaidi: saruji moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Ukizigeuza zile mbili za kwanza, umetia saruji mara mbili na kupunguza chokaa, na umerudi kwenye ugumu uleule uliokuwa unaukimbia. Kwa hiyo usiandike tarakimu tupu. Andika na jina la kitu.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Karatasi nyingi za Kihispania zinafuata hatua hizi. Tumeziandika kwa maneno ambayo fundi na mtu wa mkono wote watayaelewa.

1. Sanear. Kamusi inasema kuponya au kusafisha. Hapa ni kukwangua mota yote iliyooza mpaka ufikie iliyo nzima. Kina kiwe kama mara mbili ya upana wa kiungo, na kisipungue sentimita mbili. Tumia patasi nyembamba na nyundo ndogo. Mashine ya kukata hula kingo za mawe, na kingo hazirudi.

2. Limpiar. Fagia vumbi kwa brashi, kisha osha ukianzia juu ukishuka chini.

3. Humedecer. Lowesha kiungo, lakini maji yasisimame ndani. Jiwe kavu litanyonya maji ya mota kabla haijashika.

4. Rellenar y apretar. Jaza na kushindilia, tabaka kwa tabaka, kama sentimita moja kila mara. Usipake juu juu. Mota iliyopakwa juu huanguka mvua ya kwanza ikipiga.

5. Maliza uso wa kiungo mota ikianza kukaza, pale dole gumba linapoacha alama ndogo tu. Kuna enrasada, ambacho ni sawasawa na uso wa jiwe, na rehundida, ambacho kimeingia ndani kidogo. Mota isivuke kiungo ikapanda juu ya jiwe.

6. Curar. Hili ndilo neno tunaloomba mlitazame vizuri. Kamusi itasema kutibu au kuponya. Wengine wanaandika "acha ikauke". Ni kinyume kabisa! Curar ni kuizuia mota isikauke haraka. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, na unyunyize maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, hasa kwa mota ya chokaa na hasa jua likiwa kali. Mota iliyokaushwa na jua siku ya kwanza hugeuka mchanga, unaifuta kwa kidole.

Onyo moja kabla hatujaendelea. Anayezima chokaa avae miwani ya kukinga macho, glavu na viatu. Chokaa ndiyo itiwe ndani ya maji, kidogo kidogo. Maji yasimwagwe juu ya chokaa. Watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, oshwa mara moja kwa maji safi mengi, kisha hospitali. Mtu akitafsiri cal viva na cal apagada kwa neno moja tu, "chokaa", onyo hili linapotea, na jicho linaweza kupotea nalo.

KIUNGO, UFA NA UPENYO

Kihispania kinatenga vitu vitatu ambavyo sisi mara nyingi tunaviita ufa. Junta ni kiungo, kimewekwa na fundi kwa makusudi. Grieta ni ufa, umejifanya wenyewe. Rendija ni upenyo mwembamba, mwanya ambao upepo au mdudu hupita.

Tofauti hii si ya walimu wa lugha tu. Kiungo kilichochakaa unakijaza na kazi imekwisha. Ufa ni habari: huenda msingi unazama, huenda paa linasukuma ukuta, huenda ardhi imetikisika. Ukiujaza bila kuuliza, umeficha habari hiyo, si kuitengeneza nyumba. Tarehe 15 Agosti 2007 tetemeko kubwa lilipiga pwani ya Peru, upande wa Pisco. Watu zaidi ya 500 walikufa, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za adobe. Katika nchi kama hiyo, mtu anayeandika "jaza nyufa" mahali palipoandikwa "jaza viungo" anacheza na maisha ya watu. Methali yetu inasema tuzibe ufa, na ni kweli. Lakini kabla ya kuziba tuulize umetoka wapi.

Na upenyo je? Huko Bolivia, Argentina na nchi za jirani kuna mdudu aitwaye vinchuca. Mchana hujificha kwenye penyo za kuta za udongo, usiku hutoka na kunyonya damu ya waliolala. Kinyesi chake, kikiingia kwenye kidonda au jichoni, huleta ugonjwa wa Chagas, uliogunduliwa na daktari Mbrazili Carlos Chagas mwaka 1909. Kijidudu chake ni ndugu wa kile kinacholeta malale kwetu. Unaweza kukaa mwilini miaka mingi kimyakimya, halafu ukaharibu moyo. Mwaka 1991 nchi sita za kusini mwa bara hilo zilianza mpango wa pamoja wa kumwangamiza mdudu huyo majumbani, kwa kupulizia dawa. Kuta laini zisizo na penyo zinamnyima maficho. Ndiyo maana vijitabu vya huko juu ya kuziba ukuta mara nyingi hutoka kwa watu wa afya, si kwa wajenzi. Huko, kuziba penyo ni sehemu ya kinga.

TUNAVYOSHAURI

Kwa wenzetu wa parokia na vikundi ambao mtapewa kazi ya kutafsiri karatasi za namna hii, tuna ushauri wa mambo manne.

Kwanza, usiulize "neno hili ni nini kwa Kiswahili?" Uliza "hapa mkono unafanya nini?" Ukijua mkono unafanya nini, Kiswahili chake utakipata.

Pili, kama hakuna neno moja, tumia matatu. "Kiungo cha kusimama" ni bora kuliko neno zuri ambalo hakuna fundi amewahi kulisikia.

Tatu, msomee fundi kwa sauti, halafu nyamaza umsikilize anavyolieleza kwa maneno yake. Akieleza kitu kingine, karatasi ndiyo yenye kosa, si fundi. Kuuliza si ujinga.

Nne, kazi ijaribiwe kwanza mahali padogo, kama mita moja ya ukuta upande wa nyuma, na iachwe wiki chache kabla ya kuendelea. Mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili huita fundi mara moja tu. Zile pesa za mkopo wa kikundi zikishageuka kuwa mota isiyofaa, hazirudi.

MANENO YA KUKATA NA KUBANDIKA

Junta: kiungo cha ukuta.
Llaga: kiungo cha kusimama.
Tendel: tandiko la mota, kiungo cha kulala, pia uzi wa fundi.
Hilada: mstari mmoja wa mawe au matofali, kosi.
Rejuntado: kujaza viungo upya.
Mortero, mezcla: mota.
Mortero bastardo: mota ya saruji na chokaa pamoja.
Cal viva: chokaa isiyozimwa, ni hatari.
Cal apagada: chokaa iliyozimwa.
Caliza: jiwe la chokaa ambalo halijachomwa.
Yeso: jasi.
Arena: mchanga.
Curar: kuiweka mota na unyevu mpaka ikomae.
Grieta: ufa. Uliza sababu kwanza.
Rendija: upenyo.

Orodha hii haijakamilika. Mafundi wa Kisii wana maneno yao, wa Machakos wana yao, na wa Lamu, waliorithi kazi ya chokaa kutoka kwa babu zao, wana mengi kuliko sisi sote. Tafadhali tuandikieni mtueleze kwenu kiungo cha kusimama kinaitwaje, na kile cha kulala je. Tukiyapata, tutayaongeza, na karatasi itakayofuata kutoka Kihispania tutaitafsiri kwa maneno ya mafundi wenyewe.